Neti ya Mchana

Nimeombwa mara mbili niyaseme haya kanisani, baada ya matangazo, na mara zote mbili nimeshindwa. Mbele ya watu mdomo hunikauka. Kwenye karatasi naweza kusimama ninapotaka, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Kwa hiyo kama nyumbani kwako kuna mtu ameamka na homa, viungo vyake havikunjuki, na kipimo kimesema si malaria, basi haya nimekuandikia wewe. Mambo ya vijidudu na damu waulize wenye elimu yake. Mimi nitakueleza nilichofanya, ili wewe usikifanye.

Naitwa Novatus. Kwetu ni Mugoma, wilayani Ngara, lakini kwa miaka kumi na moja nimekuwa fundi pancha Nyakanazi, upande wa Biharamulo, pale malori ya safari ndefu yanapopumzika. Nyumbani nilikuwa nakwenda mwisho wa mwezi. Mke wangu Pelagia alibaki Mugoma na mama yangu, wakilima maharage na kufuga mbuzi. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka, ya kwanza ikiwa changa, ya pili ikiwa na miezi mitano. Hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa nane. Hatukuwa tumenunua hata kofia ya mtoto, kwa kuogopa. Tulikuwa tunahesabu wiki tu, na hata hizo kila mtu alizihesabu kimoyomoyo.

Mvua za vuli zilikuwa ndiyo zimeanza. Asubuhi moja nilikuwa nafungua nati za gurudumu la lori, spana ikaniponyoka. Nikaiokota, ikaniponyoka tena. Mkono ulikuwa haufungi. Kufika saa nne vifundo vya miguu vilishavimba, nikawa natembea nimeinama kama mtu aliyepoteza sindano.

"Novati, jana nimekuacha kijana," alisema Maganga, mwenzangu wa kazi, Msukuma wa Nyantakara ambaye hamalizi dakika tano bila kutania. "Leo nakukuta mzee. Shikamoo."

"Marahaba," nikamjibu, na meno yanagongana.

Nilifanya kile tunachofanya wote. Nilikwenda duka la dawa, nikanunua dawa ya mseto, nikameza bila kupima. Siku ya pili vipele vilijaa kifuani, macho yakawa yanauma kwa ndani kila nikiyazungusha, na kifungo cha suruali nikawa siwezi kukifungua mwenyewe. Maganga ndiye aliyenifungulia. Hakutania, na hapo nikajua hali yangu si nzuri. Akanipakia bodaboda hadi zahanati.

Pale tulikaa kwenye benchi refu la mbao. Kila mgonjwa akiitwa, sisi tuliobaki tunasogea kwa makalio kuelekea mlangoni. Mimi kila kusogea nilihitaji kupumzika kwanza, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu, badala ya kunipita, alisubiri. Simjui jina. Ningemkuta leo ningemshukuru.

Tabibu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ndogo. Alinipima, akakitazama kile kipimo muda mrefu.

"Malaria huna," alisema. "Viungo hivi na vipele hivi, nahisi ni wale mbu wanaong'ata mchana. Damu nitaipeleka mbali, majibu yatachelewa. Wewe meza panadol, kunywa maji mengi, na usinunue dawa nyingine ya maumivu bila kuniuliza."

"Sawa, daktari."

"Na siku saba hizi ukae ndani ya neti, hata mchana. Si kwa ajili yako. Mbu akikung'ata wewe sasa, baada ya siku chache atampelekea mwingine. Nyumbani kuna mjamzito?"

"Yupo. Mke wangu."

"Ana miezi mingapi?"

"Minane."

Akaweka kalamu mezani. "Basi usiende huko kwanza. Kaa hukuhuku mpaka homa iishe kabisa."

Nilisema nimeelewa. Kesho yake nikapanda gari kwenda Mugoma.

Nimejiuliza sana kwa nini. Sababu ni ndogo na za aibu. Chumba changu Nyakanazi kilikuwa na kitanda na ndoo, na kuna mambo ambayo mtu humwachia mke au mama, hamwachii Maganga. Halafu kwetu mgonjwa hupelekwa kwao. Ukiugua ugenini na hujasema, ukoo mzima utakununia hata ukipona. Yule tabibu aliongea polepole, bila kunitisha, nami nikamsikia vile mtu anavyomsikia mwenye duka akimwambia rudi kesho.

Kwenye buti la gari Maganga aliweka matairi mawili. Hili nalo nilieleze. Tairi la lori likichoka, mimi hulikata kwa kisu kulizunguka, nikapata nusu mbili, na kila nusu ni chombo kizuri cha kunyweshea mbuzi. Halipasuki, mbuzi haliangushi, na maji yake hukaa. Mama yangu alikuwa nayo manne, na nusu ya majirani walipata kwangu. Mugoma nilijulikana kwa hayo, na nilipenda kujulikana hivyo. Haya mawili yalikuwa yamekaa nyuma ya kibanda tangu mvua ya kwanza, yamejaa maji. Maganga akayamwaga, akayafunga kamba, akaniambia, "Zawadi ya mama hiyo. Usiende mikono mitupu kwa sababu ya homa."

Nilipofika, mama alipiga kelele, Pelagia hakupiga. Alinishika kiuno, tumbo lake likiwa mbele yetu, akaniingiza ndani kama anayevusha mtoto mtoni.

Mgonjwa kwetu hafichwi. Asubuhi watu wakishatoka shamba wanakuja kumwona, mmoja na mkungu wa ndizi, mwingine na maziwa, na mgonjwa hutolewa nje kwenye kiti ili aonwe, ajibu salamu. Nilitolewa kila siku. Kiti changu kiliwekwa kwenye kivuli cha ukuta, hatua tatu kutoka kwenye matairi ya mbuzi. Neti ilikuwepo, imening'inia chumbani juu ya kitanda, nzuri, haina hata tundu. Usiku tulilala ndani yake wote wawili, na tulijiona watu makini.

Mchana nisingeweza. Fikiria mwenyewe: saa sita ya mchana, watu wamekaa uani kimya, na ndani kuna mwanaume amelala chali, amefunikwa kitambaa cheupe. Kwetu huyo ni maiti. Mama angelia, na majirani wangefuatia. Kwa hiyo sikumwambia mtu maneno ya tabibu. Nilikaa kwenye kiti, nikajibu salamu, na Pelagia akakaa chini kando yangu akinikanda vidole kwa maji ya moto yenye chumvi. Siku ya tatu au ya nne nilimwona akijipiga kofi kwenye kifundo cha mguu. Akautazama mkono wake, akaufuta kwenye kanga, akaendelea kunikanda. Niliona. Sikusema kitu.

Homa yangu iliisha ndani ya wiki. Mikono haikupona. Asubuhi ilikuwa migumu kama miti, nikawa nashika kikombe kwa viganja viwili. Nilijua sitafungua nati mwaka ule. Ajabu ni kwamba jambo hilo halikunisumbua. Nilikuwa mtupu tu, na nilidhani mtu akitoka kwenye homa ndivyo anavyokuwa.

Siku ya kumi na saba tangu nifike, Pelagia alirudi kutoka shambani haijafika saa tatu asubuhi. Jembe alikuwa analiburuza.

"Magoti yananiuma," alisema. "Na kichwa."

Nilimshika paji la uso. Viganja vyangu vilikuwa vimekufa ganzi lakini joto lile vililipata.

Kesho yake uchungu ukaanza, wiki tatu kabla ya wakati. Tulikodi gari, tukampeleka hospitali. Alijifungua mchana ule ule, akiwa na homa inayomtetemesha kitanda. Mtoto wa kike, mdogo, analia vizuri. Nesi alimleta mlangoni nimwone. Nilimtazama. Watu husema siku hiyo moyo hujaa. Wangu haukujaa. Nasema hivi makusudi, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jambo hilo linawezekana, na nilijiona mnyama.

Siku tatu mtoto alikuwa mzima. Siku ya nne akaacha kunyonya. Mama yangu, aliyekuwa akimlea wodini wakati Pelagia anaumwa, alitoka kwenda kumwita nesi. Kiswahili chake ni cha sokoni, na akiwa na hofu kinampotea zaidi.

"Mtoto hanyonyi," alisema. "Halari, haamki. Anawaka moto."

Saa ile ile alipata degedege. Mguu mmoja tu ulikuwa unarukaruka, mdogo kama kidole changu gumba, na hakuna aliyeweza kuusimamisha. Wakamchukua, wakamwekea mpira puani wa kumlishia na mwingine wa hewa. Ngozi yake ilianza kubadilika, ncha ya pua ikawa nyeusi kama imepakwa masizi. Daktari alituambia tusiondoke karibu, na mama akaelewa maana yake.

Akaomba maji kwenye kikombe. Nesi alimtazama, akampa. Mama alisema, "Baba yake, jina gani?" Sikuwa nalo. Hatukuwa tumechagua, nimeshasema tulikuwa tunaogopa. Pelagia alikuwa kitanda cha pili, hajitambui vizuri. Mama hakusubiri. Alimwaga maji kwenye kile kipaji kidogo cha uso mara tatu, akasema, "Domitila, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Alikuwa amempa jina lake mwenyewe. Baadaye aliniambia ndilo pekee lililomjia. Akajibu Amina peke yake, kwa sababu mimi nilikuwa natazama kikombe.

Siku kumi na tisa tulikaa pale. Mimi makao yangu yalikuwa benchi la korido. Nilijua sauti ya viatu vya kila nesi. Mama mmoja mfanya usafi aliniletea maji ya moto kwenye chupa ya chai kila asubuhi niloweke mikono, hakuniuliza habari yoyote. Maganga alikuja siku moja kutoka Biharamulo na maziwa, akakaa nami saa mbili, akaondoka bila kutania hata mara moja. Vitu hivyo ndivyo ninavyovikumbuka. Sura ya daktari siikumbuki.

Namkumbuka pia mama yangu akisema. Alisema kwanza polepole, kisha mbele ya ndugu waliokuja kutuona. "Nilimkataza kwenda msibani tumbo likiwa limeshuka. Akaenda. Ona sasa." Ilikuwa kweli Pelagia alikwenda msiba wa jirani, wiki moja kabla ya kuugua. Alisikia kila kitu kutoka kitandani, akageukia ukutani. Nami nilikuwa pale mlangoni, nayajua maneno ya tabibu, nalijua lile kofi kwenye kifundo cha mguu, na nikakaa kimya. Sikuwa nimepanga kukaa kimya. Kusema kulikuwa kama kuinua jiwe, na mikono sikuwa nayo.

Tulirudi nyumbani kabla ya Krismasi na mtoto mwenye kilo mbili na nusu, ananyonya kwa kuchoka. Daktari alisema amepona homa, lakini kichwa chake, yaani macho, masikio, shingo, kukaa, hayo tutayajua polepole. Kila mwezi tumlete. Ndiyo maisha tuliyoishi kuanzia hapo, kutoka kliniki hadi kliniki.

Majibu ya damu yalikuja Januari, yangu na ya Pelagia. Chikungunya. Afisa afya alikuja Mugoma na pikipiki, akazunguka nyumba, akachuchumaa kwenye matairi ya mbuzi. Akachota maji kwa glasi ya mama akainua juani. Viluwiluwi vilikuwa vinachezacheza humo, vyembamba, vingi.

"Mbu huyu ni wa mjini," alisema. "Hapendi madimbwi machafu. Anapenda maji safi kwenye chombo, pipa, kopo, tairi. Mayai yake hugandamana ukutani mwa tairi. Ukimwaga maji, mayai hayatoki, yanakaa makavu miezi, mvua ikirudi yanaanguliwa. Haya matairi yametoka wapi?"

"Ni mwanangu aliniletea," alisema mama, kwa fahari.

Yule bwana alinitazama. Nilitoboa matairi yote siku ile kwa msumari wa moto, yetu na ya majirani, na nikawaambia wenzangu ni amri ya serikali. Ilikuwa rahisi kusema hivyo.

Masika yakaja. Mikono yangu ilianza kufunguka kidogo kufika saa tano za asubuhi, kisha saa nne. Nilijifunza kukanda unga, ndiyo mazoezi waliyonipa, na Pelagia akaniachia jiko la ugali. Pua ya Domi ilirudi rangi yake. Mwezi wa tatu aliufuata mwanga kwa macho. Mwezi wa tano shingo ilisimama, wenzake ikiwa imesimama zamani. Mwezi wa saba, wenzake wanakaa, yeye ukimwachia anaanguka upande kama mfuko wa maharage. Mwezi wa nane vilevile. Mama alimfunga mgongoni na kuimba. Usinielewe vibaya, nilimwosha, nilimbeba, niliamka naye. Lakini nilifanya yote kama fundi anayefanya kazi ya mtu mwingine. Nilikuwa sijamwogopea wala kumfurahia. Kama wewe uko hivyo sasa, ujue hujawa mtu mbaya. Endelea kumwosha mtoto.

Agosti, kiangazi kikiwa kimekolea, tulimpeleka kliniki, mimi na Pelagia. Nesi alitandika mkeka, akamkalisha Domi, akamshika mikono. Kisha akaiachia mikono yake.

Domi aliyumba mbele. Akaweka kiganja kwenye mkeka. Akarudi. Akakaa. Akageuza kichwa kumtafuta mama yake na bado amekaa. Nesi alihesabu kwa sauti mpaka thelathini, akaandika kwenye kadi, akasema, "Amechelewa, lakini anakuja. Mrudi mwezi ujao."

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje. Pelagia alikuwa anamvalisha mtoto soksi. Sijui ni nini kilichonifungua mdomo.

"Pelagia," nilisema. "Yule tabibu wa kule aliniambia nisije nyumbani. Aliniambia nikae kwenye neti, hata mchana. Nilimwambia nimeelewa. Na nilikuona siku ile unaua mbu mguuni. Wala si msiba uliotuletea haya."

Alimaliza soksi ya pili.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nesi wa wodini aliniuliza, siku ile degedege ilipotulia. Nani aliugua kwanza nyumbani? Nikamwambia ni mume wangu. Akasema, hakuambiwa akae kwenye neti? Maana wote tunawaambia."

"Ukanyamaza miezi yote hii? Na mama anasema vile?"

"Nilijisemea, nikianza kukugombeza leo, halafu mtoto akatutoka, sitaweza kuacha tena mpaka nife." Alimweka Domi mgongoni, akakaza kanga. "Nikaona nisubiri nijue kama anabaki."

Nilitaka kusema kitu, akanizuia kwa mkono.

"Sasa amekaa, Baba Domi. Simama twende, na unisikilize."

Alianza pale pale, mbele ya akina mama waliokuwa kwenye foleni ya mizani. Alianza na neti. Akaja kwenye matairi, akaja kwenye kiti changu cha kupokelea wageni. Garini aliendelea, abiria wakanyamaza ili wasikie vizuri. Tuliposhuka Mugoma alikuwa amefika kwenye benchi la korido na yale maneno ya msibani niliyoyaacha yamwangukie yeye, na hapo sauti yake ilikatika, akakohoa, akaendelea. Yote yalikuwa kweli. Yote yaliniuma, na nilikuwa sijaumwa na neno tangu mvua za vuli.

Mama alitoka uani na ufagio mkononi kuuliza kelele hizi ni za nini. Nikamwambia, mama, ugonjwa niliuleta mimi, nilikatazwa nikaja, mke wangu hana kosa. Hapo ndipo Pelagia alipopunguza sauti.